Zamu ya Kwanza Kisimani Kubi Boru

Fumbo hili limemshinda hata anayelisimulia, kwa hiyo msimsubiri awape jibu.

Katika tambarare kavu ya Kubi Boru waliishi ndugu watatu waliorithi kisima kimoja. Galgalo, mkubwa wao, alijua kugawa zamu za maji bila mtu kununa. Dada yao Talaso akisema tuhame, wanawake wote walibomoa nyumba na kupakia ngamia. Jattani, kitinda mimba, alisoma, akaajiriwa wizarani, akajua kuandika maneno ambayo serikali huyatii.

Ikaja sera mpya: upepo uzalishe umeme, umeme uyapasue maji yatoe hidrojeni, na gesi hiyo itengeneze mbolea bila moshi. Wenyeji waliahidiwa kwamba hawatakosa maji.

Talaso aliwashawishi wanawake wahame kutoka kilimani, penye upepo mwingi kuliko pote. Bila yeye, minara ya upepo isingesimama.

Jattani alipenyeza kifungu katika sera: ukame ukiingia, mwenye zamu ya kwanza kisimani asikatiwe maji, wengine wangoje. Aliwaza ngamia wa kwao, ambao ndio waliokuwa na zamu hiyo. Bila kifungu hicho, ukoo usingeukubali mradi.

Galgalo naye alikipokea kiwanda cha mbolea kama apokewavyo msafiri yeyote pale: mgeni hunywesha kwanza, mwenyeji hufuata. Akakipa zamu ya kwanza. Bila maji yake, kingebaki vyuma vitupu.

Kisha mvua ikagoma. Meneja wa kiwanda akasoma kifungu, akaendelea kuvuta maji. Yaliyobaki yangetosha kundi moja tu kati ya makundi matatu ya ndugu hao.

"Umetuuza na maandishi yako," Galgalo alimwambia mdogo wake.

"Mimi? Niliwafungia mlango, kaka. Wewe ukaufungua, ukawatandikia na mkeka!"

"Walikuwa wageni."

"Mgeni gani haagi?"

Talaso akacheka bila furaha. "Endeleeni tu. Mimi nilibomoa nyumba yangu kwa kuwaamini nyinyi wawili. Mnashindana nani mjinga zaidi, na ngamia wangu hata kusimama hawawezi."

Kilichomchoma Galgalo zaidi ni kwamba adabu aliyofunzwa na baba yake ndiyo iliyogeuzwa kamba ya kumfungia.

Wazee wa ukoo walibishana kutwa. Mmoja alimtetea Galgalo: hakuvunja mila hata moja. Mwingine alimtetea Jattani: ndiye pekee aliyefikiria ukame. Wa tatu akasema Talaso alitoa makao yake, na hakuna aliyemwuliza kuhusu zamu wala kifungu.

Mwishowe waliamua kundi la Talaso linyweshwe, na Galgalo ndiye achote. Akashuka kisimani, akachota mpaka ngamia wa mwisho wa dada yake akatosheka, huku ngamia aliowalea yeye wakimlilia nje ya uzio wa miiba.

Je, nanyi mnaosikiliza, mngekuwa katika kikao kile, maji yale mngempa nani?