Kwangu Bado Anaezeka Paa

Mama mmoja wa milimani Upare alikuwa na binti wawili, Namsifu mkubwa na Nakunda mdogo. Alipofariki walirushiana maneno matangani, kila mmoja akidai ndiye aliyemwuguza, na tangu siku hiyo hawakusalimiana. Nakunda alibaki Same, Namsifu akarudi kwa mumewe Songea. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hawa wangekuacha ulime mpaka jembe liishe makali.

Mkubwa ndiye aliyepiga simu kwanza. Mama yao alipenda riwaya moja nene, habari za familia iliyotawanyika, na Namsifu akaomba waisome pamoja, asiwepo wa kumwacha mwenzake. Nakunda alikuwa na kitabu chenyewe cha mama, cha karatasi. Namsifu aliwekewa nakala yake kwenye kishikwambi. Kila Jumapili baada ya ibada walipigiana, kila mmoja akataja ukurasa aliofikia. Mwanzoni namba zao zilikaribiana, na sauti zao zikaanza kulainika. Nakunda alikuwa akiisubiri Jumapili kwa hamu, ingawa asingekubali kusema.

Kisha Jumapili moja yeye akasema yuko hamsini, na dada yake akasema yuko mia na sitini.

Lo! Nakunda alishikwa na uchungu. Ndiyo tabia yake, akawaza, kutangulia halafu kutusimanga tuliobaki nyuma. Hakuuliza kitu. Akaanza kukimbia. Alisoma huku ugali ukiungua, akaruka kurasa, akarukia sura nzima, akilisaka jambo moja tu, namba. Hata hivyo alipofika mia na sitini, dada yake alikuwa amevuka mia mbili. Mwisho akachoka. Akakusudia kwamba Jumapili inayofuata atamwambia dada yake aendelee peke yake, na simu ziishe. Alijua wazi kwamba wakiachana mara hii, hakuna atakayeinua simu tena mpaka mmoja azikwe.

Simu ilipopigwa, kabla hajalitamka, heshima ilimtaka aseme neno zuri kuhusu kitabu. Akasema kifo cha baba wa ile familia ya kitabuni kimemwumiza.

Namsifu akasema, "Amekufa? Mdogo wangu, mbona kwangu bado anaezeka paa?"

Nakunda alikaa chini palepale mlangoni. Maneno yakatoka kidogo kidogo: macho ya dada yake yalikuwa yameingia ukungu, naye kwa aibu hakumwambia mtu. Alikuza herufi, akazikuza tena, mpaka maneno machache tu yakawa yanaenea kwenye kioo. Na mashine ile, ndugu zangu, haina karatasi. Zipo nakala zinazobeba namba za kitabu kilichochapwa, na hizo hazibadiliki hata herufi ziwe kubwa namna gani. Ya Namsifu haikuwa hivyo. Kwake ukurasa ni kile tu kinachoenea machoni kwa mara moja. Ukikuza herufi, kurasa huzaana, na kitabu kisiongezeke hata neno. Yeye aliitaja namba aliyoiona, kwa moyo mweupe. Aliyedhaniwa yuko mbele kumbe alikuwa nyuma sana, anajikokota mstari kwa mstari, asimwache mdogo wake.

Nakunda alilia, kisha akacheka kwa kujionea aibu, kisha akalia tena. Yale aliyokusudia kusema hayakusemwa. Akamwomba dada yake amsomee maneno yaliyo mbele yake wakati ule. Namsifu akasoma polepole, habari za mtu aliye juu ya nyumba, anafunga nyasi kwa kamba, na wanawe wawili chini wakimrushia mafungu.

Nakunda akafungua kitabu cha mama, akarudi nyuma, kurasa nyingi, mpaka akayakuta maneno yale yale. Hakuyakumbuka hata moja. Alikuwa ameyaruka mbio mbio, na ndipo alipoona kwamba kurudi kule hakukumpunguzia kitu.

"Dada," akasema, "pumzisha macho. Kuanzia hapo ngoja nikusomee mimi."

Akasoma, na Namsifu akasikiliza, mpaka nyumba ile ya kitabuni ikapata paa.

Nawe unayemhesabia ndugu yako kurasa, ukinuna kwamba amekupita au ukijisifu kwamba umemwacha, umewahi kumwuliza anasoma kwa herufi za ukubwa gani?