Utamkuta Mzima

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na mwenye mchicha wa kuchambua achambue huku anasikiliza.

Zamani za kale, mbuzi na nyoka walipokuwa bado wanapigiana hodi, Bi Kishungi, mbuzi jike, alitaka kwenda kulamba magadi mbali. Mwanawe, Doa, hakuiweza safari ile. Akampeleka kwa jirani pekee aliyeshinda nyumbani kutwa: Chatu.

"Jirani, nikirudi nimkute mzima."

"Utamkuta mzima," akasema Chatu.

Alasiri akarudi. Chatu amejinyoosha pangoni, katikati amevimba kama mto wa sufi.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yumo humu. Mzima. Sikutafuna hata sikio."

Bi Kishungi akapiga kwato chini.

"Nilisema mzima, yaani hai."

"Hukusema hai. Ningemla nusu, hapo ningekuwa na kosa."

Akainamia lile tumbo. "Doa, u mzima?" Kimya. "Doa, u mzima?" Kimya. "Doa, u mzima?"

Kwa mbali sana ikaja sauti: "Mzima, mama. Ila siwezi kugeuka."

Hakukaa kulia. Alikimbia kwa wachoma mkaa, akaomba kaa moja la moto juu ya kigae, akawasha nyasi mbichi mlangoni mwa pango. Moshi ukaingia wote ndani.

"Bi Kishungi, zima," akakohoa Chatu.

Akaongeza nyasi.

"Zima, jirani."

Akaongeza nyasi.

"Nakwambia zima."

"Nimesikia. Unataka tita zima la nyasi. Nikileta nusu, nitakuwa na kosa."

Chatu akajaribu kutoka. Kichwa kikapita, shingo ikapita, tumbo likakwama mlangoni. Akaona hana njia. Akapanua kinywa, akamtapika Doa, matako kwanza, kisha akajivuta nje akatokomea porini.

Doa alilala pale, ameloa, hapumui. Mama akamlamba. Akamlamba. Akamlamba. Doa akapiga chafya.

"U mzima?"

"Mzima."

"Hai?"

"Hai."

"Miguu?"

"Minne."

"Mkia?"

"Upo, mama."

Ndiyo maana hadi leo ukimwambia mtu, "Mimi mzima," hatosheki. Atauliza nyumbani je, watoto je, na wewe mwenyewe je. Msidhani ni adabu tu. Anasikiliza sauti yako inatokea wapi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mchicha uko wapi?