Haja Haina Mkwe

Haja haina mkwe. Mmewasikia shangazi zenu wakimwambia bibi harusi maneno hayo leo, mkacheka mkidhani ni utani wa jikoni. Si utani, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwa msiba.

Zamani, kabla barabara ya gari haijafika huku milimani Upare, Mbonea mwana wa Kajiru alimwoa Nakijwa, msichana mpole wa kijiji cha bondeni. Siku hizo ilikuwa aibu kubwa mke wa mtu kuonwa na baba mkwe wake akienda chooni. Hata wazazi waliomlea wangesemwa. Na choo cha Kajiru kilikuwa nyuma ya zizi. Njia yake ilipita mbele ya kibanda alimoketi mzee kutwa akisuka vikapu, maana miguu ilikuwa imemchoka.

Basi Nakijwa akawa anajisaidia alfajiri kabla mzee hajatoka ndani, na tena usiku mzee akishalala. Mchana alijibana. Alipoona kujibana ni kugumu, akaacha kunywa maji. Hata arudipo shambani koo limemkauka, aligusisha tu midomo kwenye kata, akayarudisha maji mtungini. Watu wakamsifu. Naelijwa, mama mkwe wake, aliwaambia majirani, "Nimepata mkwe mwenye haya. Hujui hata anaingia chooni lini."

Aliposhika mimba, mambo yakawa mazito. Mkojo ukaanza kumchoma kama pilipili, ukamtoka matone matone, mzito wa rangi na wenye harufu. Akanyamaza. Angemwambia nani? Kisha mgongo ukamuuma upande mmoja, chini ya mbavu, akawa anatetemeka kwa baridi na jua linawaka. Naelijwa alidhani ni malaria, akamchemshia majani machungu bakuli zima. Nakijwa alikunywa funda moja tu, kwa kuogopa wingi wake.

Siku aliyoanguka jikoni kwa homa, Mbonea na wenzake walimbeba kwa machela hadi zahanati, Naelijwa akiwafuata nyuma. Muuguzi aliutazama mkojo wake, akambonyeza mgongoni, Nakijwa akapiga ukelele.

"Huwa unajibana mkojo, mama?"

Nakijwa akamtazama mama mkwe wake.

"Niambie. Nataka kukusaidia."

"Mchana siwezi kwenda," akanong'ona. "Baba anakuwa pale njiani."

Naelijwa akashtuka. "Mwanangu! Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje, mama? Mlikuwa mkinisifu."

Muuguzi akaeleza bila kupandisha sauti. Mimba peke yake huubana mkojo usishuke vizuri. Mtu akijibana tena, na maji asinywe, vijidudu hubaki kibofuni vikazaliana, halafu hupanda mpaka kwenye figo.

"Hivi vimekwisha panda," alisema, "na sasa vimo kwenye damu."

Dawa alimpa, ila walikuwa wamechelewa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wala hakulia. Jioni ile mama naye akamfuata.

Walizikwa pamoja. Kajiru alipoelezwa kilichomuua, alikiweka chini kikapu alichokuwa akikisuka.

"Angepita tu," alisema. "Mimi ningeinama nikatazama kazi yangu."

"Hakulijua hilo," mkewe akamjibu. "Hakuna aliyemwambia."

Mbonea hakuoa tena. Lakini miaka ilipopita, mdogo wake alileta mke. Bibi harusi alipoingia uani, kabla hajapewa hata mahali pa kukaa, Naelijwa alimshika mkono, akampitisha mbele ya Kajiru na mbele ya wageni wote, moja kwa moja hadi mlangoni mwa choo. Wazee wakainamisha nyuso. Wengine wakaguna. Binti wa watu alijaribu kurudi nyuma kwa aibu, lakini Naelijwa hakumwachia.

"Mwanangu," alisema, na ua mzima ukamsikia, "katika nyumba hii kunywa maji. Ukibanwa, pita, hata mkweo awe ameketi palepale. Mwenye haya nimeshamzika. Haja haina mkwe."