Zamda na Muhuri wa Viza

Mwalimu Zamda wa Korogwe alipata kazi ya kufundisha Kiingereza Uchina, lakini Bwana Makwaia, mkubwa wa ofisi ya viza, alilikalia faili lake.

"Huna barua ya ushuhuda kutoka kwa mwanafunzi mtu mzima uliyemfundisha. Sikupitishi!"

"Basi niandikie hayo kwa Kiingereza, mzee, niwaoneshe walioniajiri."

Makwaia akaandika. Zamda akasoma, akamweleza kwa upole kosa moja baada ya jingine. Makwaia akachana, akaandika upya. Mara ya tatu barua ikanyooka.

"Umeelewa sasa, mzee?"

"Nimeelewa sana, mwalimu!"

Zamda akamsogezea karatasi nyeupe. "Hayo nayo niandikie, utie na sahihi."

Makwaia akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaufuata muhuri.