Kisu cha Nyuki na Mkono wa Kitwana

"Mpini wa kuigwa humtaja mwenyewe." Ndivyo alivyosema ami yenu asubuhi hii, akachukua kofia yake akaenda zake, akatuacha tunatazamana. Tausi huyu hapa, gauni liko magotini, machozi yanamtoka. Mshono aliokesha akiubuni mwenyewe ameukuta unaning'inia sokoni kwenye duka la watu, magauni mazima mazima, akanunua hili moja, na hajui nani aliutoa nje. Nyinyi wengine mnaniuliza, "Bibi, gauni nalo lina mpini?"

Halina. Sogeeni tumenye karanga huku mkisikiliza. Mwamvua, mwanangu, na wewe sogea, mbona leo umejitenga? Ungo nitakushikia mimi, najua mkono wako wa kushoto haunyooki. Methali hii ina kwao, na kwao ni hapa hapa Tabora. Ilianza mbele ya macho yangu, ikaanza hivi.

Alikuwepo mhunzi akiitwa Mrisho Kapaya. Alifua visu, na kisu chake hukukinunua kama unavyonunua chumvi. Ulikwenda kwake, ukakalishwa kwenye kigoda, ukapewa bonge la nta ya nyuki iliyopashwa moto ikalainika. Anakwambia, "Shika kama unavyoshika ukiwa kazini." Unashika. Ukiachia, nta imebaki na mkono wako wote, bonde kwa kila kidole. Basi anachonga mpini wa mninga kwa kufuata nta ile. Kwa hiyo kisu cha mtu kilimkaa mwenyewe tu. Ukikiazima, kilikusumbua kama kiatu cha mwenzio. Kwenye bapa la chuma alichora nyuki mdogo, kwa sababu ya ile nta, na watu wakaviita visu vya nyuki. Wachinjaji na wauza nyama wote wa mji huu walikuwa navyo. Bila nyuki, machinjioni hukuhesabiwa mtu.

Siku moja Zuena, mke wa Mrisho, akaenda sokoni kununua dagaa. Akapita kwenye duka la Sefu, Mzaramo mmoja aliyekuja zamani na biashara ya sufuria na misumari. Mdomo wake ulikuwa mtamu, na sisi Wanyamwezi ni watani zake, kwa hiyo hapo dukani hapakukosa watu. Zuena anaona kapu limejaa visu, vinang'aa, na kila kimoja kina nyuki.

Akarudi nyumbani bila dagaa. "Baba Hamisi, tangu lini unamuuzia Sefu visu na mimi sijui?"

Mrisho akasema hajamuuzia mtu. Mke akamwambia asimfanye mjinga. Mrisho akaenda kutazama, akasimama mbele ya kapu. Nyuki ni yule yule. Mti ni mninga. Akabaki anakuna kichwa. Badala ya kumuuliza Sefu vimetoka wapi, akarudi na kumuuliza mdogo wake kama ana funguo za karakana. Mdogo mtu akachukia. Nyumba nzima ikanuniana, kila mmoja akimshuku mwenzake, na Mrisho mwenyewe akaanza kujishuku. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mkewe uani, "Labda nilivifua mimi nikasahau."

Ukuta wetu ulikuwa mfupi. Sikuwa nachungulia, nilikuwa naanika nguo.

Visu vile vikanunuliwa sana, maana havikuhitaji kigoda wala nta. Kwenye mpini vilikuwa na kinundu, pameinuka katikati ya mabonde ya vidole. Sefu alikuwa akikisifu: "Hicho ni cha kuzuia mkono usiteleze. Mtindo mpya." Watu wakauamini mtindo mpya. Bi Kalunde, mama muuza supu ya utumbo pale machinjioni, alinunua kimoja akawa analalamika kila siku, "Kinakata kama ulimi wa wifi, lakini kinanitoa malengelenge." Wengine malengelenge walikuwa nayo vile vile, na visu vyao havikati hata kitunguu. Hapo nasi tukachanganyikiwa. Mbona nyuki mmoja, huyu anakata na huyu hakati?

Sasa ikaja harusi ya kwa Mzee Luhende. Huyu Luhende ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wauza nyama, na alikuwa anamuoza binti yake wa mwisho. Fahali aliletwa, mkubwa, na mchinjaji alikuwa Kitwana, mtu mzima, mchaji, mkono wake ulijulikana mji mzima. Fahali kalazwa, miguu imefungwa, Kitwana katia bismillahi, kapitisha kisu. Kisu kikachomoka kwenye mpini. Mpini umebaki mkononi, chuma kimebaki shingoni. Fahali akarusha mateke, kamba ikakatika, akainuka na kutimua mbio na damu yake, akapita katikati ya masufuria, na kabla hajapatikana mwenye kisu kingine alikuwa ameshaangukia mtaroni amekufa.

Maalim akasema, "Nyama hiyo ina shaka, na wageni hawalishwi shaka." Tukala wali kwa maharage. Bibi harusi yule, mpaka leo, ana wajukuu, anaitwa Bi Maharage.

Luhende hakucheka. Kitwana akaufunga mpini ule na chuma chake kwenye kitambaa, akasema, "Hiki ni kisu changu, alinifulia Mrisho mwenyewe, mkono wangu unakijua. Kama Mrisho ameanza kuchomeka vyuma kwa gundi, basi tumekwisha." Maneno ya Kitwana hayakuwa ya kupuuzwa. Luhende akatangaza kwamba wauza nyama watakutana machinjioni baada ya sala ya Ijumaa. Mrisho asipoonyesha kwamba kisu kile si chake, nyuki haingii tena machinjioni. Na Mrisho hakuwa na wateja wengine. Zuena alianza kusema habari ya kurudi kwao Sikonge.

Ijumaa ile mji wote ulikuwa machinjioni. Na mimi nilikwenda kununua utumbo. Msinicheke, utumbo nao hununuliwa Ijumaa.

Mrisho akasimama. Luhende akamuuliza, "Fundi, visu vya kapuni kwa Sefu ni vyako au si vyako?"

"Sijui, mwenyekiti."

Watu wakaguna. Luhende akasema, "Hujui? Mimi nikimuona mwanangu barabarani namjua."

"Na mimi nawajua. Nikimuona nyuki nasema ni wangu. Nikikumbuka kazi nasema si wangu. Nisaidieni."

Luhende akaona atatue mambo. Akaamuru kila mwenye kisu cha nyuki akiweke kwenye jamvi, cha Sefu na cha Mrisho, vitazamwe pamoja. Watu wakavimwaga. Lundo likawa lundo. Kisha wakainama kutazama, na hapo ndipo walipogundua walichokifanya, kwamba sasa hakuna anayejua kipi chake. Nyuki juu ya nyuki. Kukatokea zogo. Mmoja anashika, mwingine anampokonya, "Hicho changu." "Chako kina alama gani?" "Kina nyuki." "Na hiki kina nini, nzi?"

Sefu alikuwepo amekaa pembeni na kikombe cha kahawa, anacheka, anasema, "Wanyamwezi, mmejitia wenyewe kwenye mzinga."

Ni Zuena aliyepaza sauti. "Acheni kutazama. Kwani mlipimwa macho au mlipimwa mikono? Shikeni."

Wauza nyama wakaanza kushika kimoja kimoja, wengine wamefumba macho kama wanaonja mchuzi. Na kweli, mkono ulikuta kwake. Mtu anashika hiki anakitupa, anashika kile anatupa, anashika cha tatu uso unamfunguka, anakipachika kiunoni. Hata kijana mmoja aliyerithi kisu cha baba yake akalia, maana alishika mpini akakuta ni mkono wa marehemu.

Vikabaki vile visivyo na mtu. Luhende akaokota kimoja, akakishika, akakunja uso. Akaokota cha pili, cha tatu. "Vyote ni sawa," akasema. "Na vyote vinanikataa mahali pamoja. Kidole changu cha kati hakina pa kukaa, kinapanda juu ya hiki kinundu."

Bi Kalunde akanyoosha kiganja. "Si ndiyo nasema kila siku? Hapa hapa. Angalieni lengelenge."

Mrisho akamwendea, akamwomba kisu chake, ambacho hakukubali kukimwaga jamvini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvishika visu vile. Siku zote alikuwa akimtazama nyuki tu. Akapitisha dole gumba kwenye kinundu, taratibu, kama mtu anayemkumbuka jirani wa zamani. "Hiki si mtindo," akasema. "Nta hupanda hivi pale inapokosa kidole cha kuikandamiza. Mkono huu niliupima. Ni wa mtu asiye na kidole cha kati."

Basi wote tukageuka kwa pamoja. Kitwana alikatwa kidole cha kati na shoka la mifupa tangu ujana wake, na tulimzoea hivyo hata tukaacha kuliona pengo. Mwenyewe alikuwa ameuficha mkono ndani ya kanzu.

Luhende akasema kwa upole, "Mzee Kitwana, hebu tusaidie."

Kitwana akatoa mkono. Akashika kisu cha kwanza, kikamkaa. Cha pili, kikamkaa. Akaendelea, kila kimoja kikamkaa. Alikuwa kama mtu anayefungua milango ya watu na kila chumba anajikuta amekaa mwenyewe.

"Kumbe ni wewe unayevifua?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Wallahi sivyo."

"Sasa mbona vyote ni vyako?"

"Sijui," akasema Kitwana. "Mimi ninacho kimoja tu, na hicho ndicho kilichochomoka." Akafungua kitambaa, akautazama mpini wa harusini. Nao ulikuwa na kinundu. "Au nacho pia si changu?"

Mrisho akamuuliza, "Kisu chako kiliwahi kulala nyumba nyingine?"

Kitwana alikuwa mtu wa haya. Lakini macho yake yalimtoroka, yakaenda pembeni, yakatua kwenye kikombe cha kahawa.

"Mtani," akasema Sefu, "mbona unaniangalia mimi?"

"Uliniomba kwa ajili ya mbuzi wa akika ya mwanao. Kikakaa kwako mpaka mtoto akaota meno."

Sefu akajaribu kucheka, akakuta anacheka peke yake. Ndipo akasema. Alikipeleka kisu kwa mafundi wa mji mwingine wakamtengenezea mfano wake, wengi kwa mpigo. Walipoleta mzigo, cha Kitwana kilikuwa humo humo kimechanganyika, naye hakukitambua. Akaokota kimoja kilichomkalia vizuri machoni, akakirudisha. "Sikuona ubaya," akasema. "Mtani haibi, huchukua. Na chuma ni chuma, fundi. Wewe umenunua chuma na mimi nimenunua chuma. Nimekuibia nini?"

Mimi mwenyewe nilijiuliza, kweli, ameiba nini? Visu vya Mrisho vyote vipo kwa wenyewe.

Mrisho akasema, "Chuma si changu, Sefu. Mninga Mungu ameuotesha. Lakini huyo nyuki nimemchora mimi, na mkono huo nimeupima mimi. Kisu chako kilipochomoka harusini, nani alisema Sefu? Walisema Mrisho. Faida umekula wewe, aibu ukaniletea mimi nile na wanangu."

Luhende akaongeza, "Na utani tunaujua. Mtani huchukua kuku, huchukua kofia. Jina la mtu halichukuliwi kwa utani."

Wakamkalisha Sefu pale pale jamvini na tupa, akamfuta nyuki kwenye kila kisu, mmoja mmoja, mbele ya watu, akapewa ruhusa ya kuuza vyuma vyake kwa jina lake mwenyewe. Kabla hajaanza, Mrisho akampa Kitwana kisu cha Bi Kalunde, akasema, "Jaribu hiki kwenye mfupa." Kitwana akapiga. Mfupa ukaachia. Kumbe ndicho chake, kilikuwa kinakata utumbo muda wote huo. Bi Kalunde akagoma kukitoa mpaka Mrisho alipoahidi kumkalisha kwenye kigoda na kumpimia mkono wake mwenyewe. Zuena ndiye aliyekwenda kupasha nta.

Kitwana akasimama mbele ya Mrisho kumtaka radhi. Akainua ule mkono wenye pengo, ambao miaka yote alikuwa akiuficha, akasema, "Nilikusingizia, fundi, kwa sababu mkono wangu ulinishuhudia uongo. Lakini umeshuhudia na ukweli. Mwizi alichukua kila kitu, mpaka kidole nisichokuwa nacho. Mpini wa kuigwa humtaja mwenyewe."

Jioni ile ile nikakuta watoto wa mtaani wanaisema wakicheza. Na mimi huenda niliwatangulia nyumba mbili tatu.

Sasa Tausi, mjukuu wangu, futa machozi. Hilo gauni ulilonunua kwa watu, usitazame maua wala kola. Likunjue, lipime kama fundi. Ehee. Mikono yake iko sawa?

"Haiko sawa, Bibi. Wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Na kiwiko kimeachiwa nafasi."

Wewe ulishona magauni mangapi yenye mkono wa kushoto mfupi?

"Moja tu. Lile la Idi. La..."

Anamtazama shangazi yake. Nyinyi endeleeni na karanga. Mwamvua, mwanangu, usiinuke, chungu hakijachemka na hata moto sijauwasha. Kaa hapa, umwambie mtoto wa kaka yako ulimwazima nani gauni lako. Hakuna atakayekupiga. Mpini wa kuigwa humtaja mwenyewe.