Jina la Mtoto wa Kilo Moja na Robo

Sogeeni, na kila mmoja aje na hukumu yake.

Palikuwa na wanawake watatu. Daktari Nyamizi alijua kutafiti: miaka sita alipima watoto njiti, akathibitisha kuwa wanaobebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, hupona zaidi. Muuguzi Sekela alijua kufafanua. Bibi Ng'wasi alijua kuvumilia yote, isipokuwa mke wa mwanawe, Kalunde.

Kalunde akajifungua kabla ya wakati, mtoto wa kilo moja na robo. Homa ikamlaza mama, na zahanati haikuwa na mashine ya joto. Mtoto akaanza kupoa.

Matokeo ya Nyamizi yalikuwa ukutani palepale, kwa Kiingereza. Yalikuwa yamebandikwa miaka miwili, na mtu alitundika kalenda juu yake.

Sekela akaiondoa kalenda. Akasoma, kamusi mkononi, akaandika mistari minne ya Kiswahili nyuma ya kalenda ile. Mganga mkuu akamkemea kwamba zahanati si banda la kuku, watoto hawaatamiwi. Sekela akaleta khanga ya kumfungia mtoto kifuani.

Bibi Ng'wasi, ambaye tangu harusi hakuwahi kuitikia salamu ya Kalunde, akafungua blauzi yake, akampokea mtoto kifuani. Siku kumi na moja alilala ameketi. Kutoka kitandani Kalunde alimwona akimpulizia mtoto utosini, taratibu, akidhani hakuna anayemtazama.

Mtoto akapona. Kwao, aliyemwokoa mtoto ndiye humpa jina. Hapo vita vikaanza.

"Bila vipimo vyangu mngekuwa mnabahatisha," alisema Nyamizi, aliyekuja baada ya kusikia habari.

"Uliviandikia nani, daktari? Ukuta?" Sekela akauliza.

Bibi Ng'wasi akasonya. "Karatasi zenu zina kifua? Mgongo unaouma ni wa nani?"

Nyamizi akasema asipotajwa kuwa ndiye mwokozi, hatarudi kupima mtoto pale. Sekela akasema amegombezwa vya kutosha. Akinyimwa jina, safari ijayo mwingine na afunue kalenda. Bibi akasema akinyimwa yeye, Kalunde asibishe hodi kwake.

Wote wakamgeukia Kalunde. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa amelala hajui kwamba anagombaniwa. Angekosekana hata mmoja wao, mtoto angekuwa amezikwa.

Kalamu iko mkononi mwake, na kwenye kadi ya kliniki nafasi ya jina ni tupu.

Je, wewe ungeandika jina alilolichagua nani?