Runinga Iliyotazamana na Dirisha

Kitanda cha mwenzio unakiona shuka tu. Shuka likiwa jeupe na limenyooshwa vizuri, utaapa kwamba anayekilalia anapata usingizi wa pono, kumbe usiku kucha anajikuna. Ndipo wahenga wakatuachia neno: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kinyozi mmoja aliijua methali hii tangu utotoni, na aliwarushia wateja wake kila walipoanza kumsema mtu asiyekuwepo. Kuijua hakukumsaidia. Alimkosea mama yake mzazi mchana kweupe, tena kwa nia njema.

Wateja walimwita Mkasi, maana ulimi wake ulikata kuliko vyuma vyake. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Alikuwa mkarimu, mcheshi na mwenye haraka, wa aina ile ambayo ukianza kumweleza jambo, yeye ameshalimaliza. Baba yao alipofariki na miguu ya mama ilipoanza kumgomea, Mkasi na mdogo wake wa kike walivutana, kila mmoja akitaka mama aje kwake. Mkasi alishinda kwa kuwa ndiye mkubwa, na kwa kuwa alihamia nyumba yenye sebule kubwa na dirisha pana linalotazama barabarani. Mama alikubali kwa sharti.

"Nitajaribu, baba," alimwambia. "Nikishindwa nitakwenda kwa mdogo wako, na wewe usininunie."

Neno lile "nikishindwa" lilimkaa Mkasi kooni kama mwiba wa samaki. Alimpenda mama yake, na hakuna kitu alichokiogopa kama kurudi jioni moja akute chumba chake kitupu.

Tatizo ni kwamba kazi ya kinyozi haina huruma na mtu wa familia. Alitoka nyumbani kungali na kiza, akarudi kiza kimeshaingia, na siku ambazo wengine wanapumzika ndipo vichwa vilipojaa dukani kwake. Sebule yake mwenyewe aliijua kwa mwanga wa taa tu. Kila jioni alimkuta mama amekaa kwenye kochi zito alilokuja nalo kutoka nyumbani kwake, amelielekea dirisha, na dirisha lenyewe giza tupu. Roho ilimuuma. Akajiambia kwamba mama ananyauka kwa upweke, hana cha kutazama, na kwamba dawa yake ni runinga. Tena si runinga ya kubabaisha, bali kubwa, ya kumfanya mgeni asahau salamu mlangoni.

Duka alilokwenda halikuwa na dirisha hata moja, na taa zake zilipunguzwa makusudi ili picha zing'ae. Mkasi alisimama mbele ya runinga pana kama meza ya kulia chakula cha watu wanane. Kioo chake kilimeremeta. Ndani yake samaki wa kila rangi walikuwa wakiogelea, na alihisi kama angeingiza mkono angetoka na mmoja.

"Hiyo ni nzuri, kaka," alisema muuzaji, dada mmoja mpole mwenye miwani. "Ila niulize. Sebule yenu mchana ina mwanga mwingi?"

"Wa kawaida."

"Na dirisha liko wapi? Maana kioo cha hiyo kinarudisha mwanga. Ikitazamana na dirisha, mchana mtajiona wenyewe badala ya picha. Kuna hii hapa, ndogo kidogo. Uso wake haumetameti, na mwanga wake una nguvu. Jua haliisumbui."

Mkasi aliitupia jicho hiyo ndogo. Katika giza lile la dukani, kando ya ile kubwa, ilionekana kama mtu aliyeamka na homa.

"Dada yangu, mimi nashinda na vioo maisha yangu yote," akasema. "Kuhusu vioo usinifundishe. Nifungie hiyo kubwa."

"Haya. Ikiwasumbua, ilete kabla mwezi haujaisha, na boksi lake usilitupe."

Fundi aliitundika usiku uleule kwenye ukuta uliotazamana na dirisha, kwa sababu ndio ukuta uliokuwa mtupu. Kochi la mama likageuzwa, dirisha likapewa kisogo. Picha ilipowaka, sebule nzima ikapata rangi. Mama alishika kifua, akamwombea mwanawe baraka, na Mkasi akalala usingizi wa mtu aliyeilipa dunia.

Jioni iliyofuata aliuliza kabla hajavua viatu.

"Mama, unaona vizuri?"

"Naona, baba. Leo kuna bwana mmoja na mwavuli wake. Mvua hakuna, lakini mwavuli hauachi. Anapita kwa yule binti anayeuza matunda, anasimama, maneno yanamshinda, anaondoka."

Mkasi akacheka kwa furaha. "Tamthilia hizo, mama. Zitakumaliza machozi."

Mama alifungua mdomo kusema neno, lakini mwanawe alikuwa ameshaingia jikoni.

Ikawa ndiyo kawaida yao. Jioni moja aliambiwa kwamba bwana wa mwavuli amenunua machungwa mengi hadi yakamponyoka na kutapakaa barabarani. Jioni nyingine mama alilalamika, "Maandishi ya duka lililo nyuma ya yule binti yanaanzia kulia. Yananichosha macho."

"Basi hiyo ni ya kigeni," Mkasi akamfahamisha. "Huko kwao wanaandika hivyo. Hapa wametia sauti ya Kiswahili tu."

Mama alimtazama kwa muda, akatikisa kichwa, akaomba asaidiwe kwenda kulala.

Kule dukani, Mkasi aliwasimulia wateja mkasa wa bwana wa mwavuli kana kwamba ni wa shemeji yake. Watu walinogewa. Mmoja alikuja kunyolewa wakati hata nywele hazijaota, ilimradi ajue kama yule binti ameambiwa neno. Mwingine alirudi akinung'unika kwamba ameitafuta hiyo tamthilia kila stesheni na hakuiona.

"Hujui kutafuta," Mkasi akamjibu. "Mama yangu mwenye miguu mibovu anaiona kila siku."

Kisha mdogo wake akampigia simu.

"Kaka, usikasirike," alianza, na Mkasi akajua kuna la kukasirikia. "Mama ameniomba nije kumchukua mwisho wa wiki hii."

Mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma mkononi mwake. Aliizima. Siku hiyo hakumsimulia mtu chochote, na jioni alifika nyumbani amevimba.

"Mama, tivii kubwa kama ile, na bado unaniacha?"

"Tivii ni nzuri, baba."

"Basi kuna nini? Chakula? Kitanda? Mimi?"

"Mchana wa hapa ni mrefu."

"Mrefu vipi wakati nimekutundikia dunia nzima ukutani?"

Mama alikunja khanga yake mapajani, akaikunjua. "Nilikwambia usininunie," akasema taratibu.

Lakini alinuna. Alimpikia, akamtengea, asile naye. Alipanda kitandani na uchungu wa mtu aliyetoa alicho nacho chote kikaonekana hakitoshi. Alijiona amedhulumiwa na mama yake, na wazo hilo lilimtia aibu, lakini halikumtoka.

Asubuhi yake umeme ulikatika mtaa mzima. Mashine ilimzimikia mkononi huku kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. Akammalizia kwa mkasi, akangoja, akaona hakuna dalili, akafunga duka. Njiani hasira ilimpungua. Alimfikiria mama ameketi mbele ya runinga iliyokufa, hana hata huyo bwana wa mwavuli, na akaongeza mwendo.

Alipofungua mlango, mwanga ulimpiga usoni hadi akakinga macho kwa mkono. Hakuwahi kuiona sebule yake hivyo. Jua lilikuwa limejaa tele, limepanda ukutani, limelala sakafuni. Katikati yake mama alikuwa ameketi kwenye kochi, ameinamia mbele, macho yote kwenye runinga iliyozimika, akicheka chini kwa chini.

Mkasi akasimama mlangoni. "Mama, umeme hakuna."

"Najua. Umekatika tangu asubuhi."

"Sasa unatazama nini?"

"Nyamaza kwanza, bwana anavuka."

Mkasi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alidhani akili ya mama yake imeondoka huku yeye akihesabu nywele za watu. Akamsogelea polepole, akapiga magoti kando ya kochi ili amshike mkono. Hapo, kichwa chake kilipofika usawa wa kichwa cha mama, naye akaona.

Kioo cheusi kilikuwa kimebeba dirisha zima. Ndani yake barabara ilikuwa imelala, watu wakipita, na binti akipanga matunda kwenye meza. Nyuma yake palikuwa na duka la fundi cherehani, jina lake limeandikwa kinyume, herufi za mwisho mwanzoni. Na kutoka ukingo mmoja wa runinga hadi ukingo wa pili, bwana mmoja alikuwa akivuka kwa hadhari, amekumbatia mwavuli uliofungwa.

Mkasi akageuka nyuma. Nje ya dirisha bwana yuleyule alikuwa akivuka, mzima, wa nyama na damu.

"Hebu nipishe nikae, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Alimsaidia kusogea ukingoni, akaketi palepale mama aliposhinda kila siku. Alikaa hadi joto la kochi likampata.

"Hata umeme ukiwepo ni hivi hivi," mama akamweleza. "Jua likishaingia, picha inafifia. Nyuso unazibahatisha tu. Ikirudi vizuri ni magharibi, wewe unafika, na mimi nina usingizi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama naona, nikasema naona. Nilipotaka kukueleza ninachokiona, ukanieleza wewe. Na ulikuwa na furaha sana, baba. Sikuwa na moyo wa kukuvunja moyo."

"Si ungeligeuza kochi?"

"Kwa miguu ipi?"

Mkasi aliitazama miguu ya mama. Sasa aliona vizuri alichokifanya. Lile dirisha la giza alilokuwa akilihurumia kila jioni, mchana kutwa lilikuwa limejaa watu. Mama alikuwa na barabara nzima ya kutazama, yeye akamnyang'anya, akampa kivuli chake, tena kilichogeuzwa. Na kioo ndicho chombo chake cha kazi. Kila siku aliwaketisha watu mbele yake na kuwauliza, "Umejionaje?" Alilia, kinyozi mzima, ameketi kwenye kochi la mama yake.

"Basi kwa mdogo wako kuna kibaraza," mama aliendelea, kama anayeomba radhi. "Nilitaka kuona watu kwa nyuso zao. Ningekuwa nakuja kukutembelea."

Mkasi alijipangusa. Ulimi wake wa haraka ulikuwa na mapendekezo matatu tayari: mapazia mazito, kiti cha magurudumu, runinga nyingine kubwa zaidi. Aliyameza yote.

"Mama," akauliza, "wewe ungependa ukae wapi?"

Mama aliinua uso kutoka kwenye kioo. Tangu alipohamia, swali hilo lilikuwa halijamfikia.

"Nigeuze," akasema.

Akamgeuza. Kochi lilikuwa zito kweli, likakwaruza sakafu, na mama akapokea jua usoni, macho yamefumba nusu kwa raha.

Kesho yake walirudi kwenye duka la runinga wote wawili, kwa teksi, mama akiwa ameshikilia kwamba atakwenda, na boksi likiwa halijatupwa. Dada mwenye miwani hakusema "nilikwambia," ingawa alikuwa na haki. Mama ndiye aliyesema.

"Binti, zitoe huko gizani. Zilete hapa mlangoni, jua lizipige."

Ile kubwa ilipofika mlangoni ikageuka kioo cha kujitazamia, samaki wote wakapotea. Ile ndogo ikabaki na picha yake, rangi juu ya rangi.

"Hii," mama akasema.

"Ni ndogo, mama," Mkasi akamnong'oneza.

"Na mimi je, ni mkubwa?"

Mara hii fundi aliitundika mchana, kwenye ukuta wa pembeni, ili isitazamane na dirisha wala isilipe kisogo. Mama alisimamia kazi akiwa kwenye kochi, akiamuru ipandishwe, ishushwe, irudishwe ilipokuwa. Mkasi alishika ngazi na kutii.

Mwisho wa wiki mdogo mtu alikuja, amejiandaa kwa ugomvi, na begi tupu la kubebea nguo. Alimkuta kaka yake yuko nyumbani adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulisikia, duka limefungwa hadi alasiri, naye ameketi sakafuni karibu na miguu ya mama akimmenyea chungwa.

"Mama, tukusanye vitu?" aliuliza.

"Vitu vyangu vipo mahali pake," mama akajibu. "Lililobaki ni wewe kukaa ule chungwa."

Mdogo mtu alimtazama mama, kisha dirisha, kisha kaka yake.

"Amekufanyia nini? Juzi ulikuwa unalia kwenye simu."

"Ameniuliza ninapotaka kukaa."

"Basi? Kaka, siku zote hizi ulikuwa hujui mama anaumia humu ndani?"

Zamani Mkasi angekuwa na majibu kabla swali halijaisha. Sasa alimpa mama kipande cha chungwa, akajifuta vidole.

"Nilikuwa nakuja usiku, ndugu yangu, naona shuka jeupe," akasema. "Siku nilipokaa pale anapokaa yeye, nilijua: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."